Wino wa Watu wa Bondeni

Dobi akipokea nguo yenye doa la wino, kitu cha kwanza hupekua mifuko. Kalamu ikiwa bado imo ndani, utafua mpaka kiama. Bi Povu alikuwa amefanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, katika duka lililotazamana na posta, na hakuna doa lililowahi kumshinda, liwe la kutu, la damu au la mchuzi. Ndiyo maana miezi minne baada ya uchaguzi, wino wa kura ulipokuwa bado umemganda kwenye kidole cha mwisho, hakushangaa. Alikasirika.

Alijaribu ndimu na chumvi, akajaribu dawa ya madoa, akaishia kwenye mafuta ya taa. Wino ulizidi kupanda. Mwezi wa tano ulimfika kwenye kifundo cha mkono. Mdogo wake wa kiume, mpiga pasi wa duka hilohilo, wake ulikuwa kwenye kiwiko tayari, maana siku ya kura yeye aliwahi foleni kabla ya jogoo.

Watu wengine wa mjini wino wao ulitoka ndani ya wiki moja. Uliobaki ni wa watu wa bondeni tu, vitukuu vya wajenga reli walioletwa kutoka mbali, ambao mpaka leo waliitwa wakuja ingawa hata bibi zao walizaliwa palepale. Vitambulisho hawakuwa navyo. Kadi za kupigia kura walikuwa nazo. Hizo mheshimiwa mbunge aliwaletea mwenyewe, kwa gari, na akawaapia kwamba akishinda vitambulisho vitafuata na kamatakamata itakoma. Wakampa kura nyumba kwa nyumba. Akashinda, akajitia hamnazo.

Waliopata nafuu ni maafisa wa uhamiaji. Zamani walibahatisha mkuja kwa lafudhi au kwa pua, wakabeba hata shemeji zao kwa makosa. Sasa walimwambia mtu akunje mikono ya shati, basi. Asubuhi moja walikuja dukani kuchukua sare zao wakamkuta mpiga pasi amekunja mikono kwa sababu ya joto.

"Malizia hilo shati kwanza," alisema mkubwa wao. "Ni langu."

Akalimalizia, akalikunja vizuri, wakaondoka naye. Bi Povu walimwacha, maana sare zao zilihitaji dobi.

Sheria iliruhusu mtu wa namna hiyo kuachiwa iwapo mbunge wake ataweka sahihi kwamba anamfahamu. Sahihi moja tu. Bi Povu aliandika barua, akaifunga kwa gundi, akamkabidhi mheshimiwa mkononi.

"Dada yangu, hili niachie mimi," alisema mheshimiwa, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Kila Jumatatu Bi Povu alikwenda kuulizia. Katibu alimwambia mheshimiwa yuko kikaoni, au ndiyo kwanza ametoka, au arudi wiki ijayo. Alipigwa danadana miezi minane. Kisha dereva wa mheshimiwa akaleta lile koti lifuliwe.

Bi Povu akapekua mifuko. Barua ilikuwamo, gundi haijaguswa, na kando yake kalamu iliyojaa wino. Aliijaribu nyuma ya risiti. Iliandika bila kukwama. Kanuni ya duka ni kwamba kitu cha mteja hurudi kilipotoka, lakini safari hii aliibana barua kwa pini juu ya kola, mahali ambapo hata kipofu angeigusa. Mwezi uliofuata koti lilirudi. Barua ilikuwa mfukoni, pamoja na pini yake.

Ikawa hivyo miaka minne. Uchaguzi mwingine ukawadia, mdogo wake akiwa bado kizuizini na wino ukiwa umempanda Bi Povu hadi shingoni.

"Kura ya nini tena, shoga?" jirani yake alimuuliza. "Mimi nalala zangu."

"Nakwenda kumtoa huyu mheshimiwa," alisema Bi Povu.

Kituoni, karani alimtazama shingo, kisha kidole, kisha kitabu cha kanuni.

"Mama, wewe umeshapiga."

"Huu ni wa mwaka ule."

"Naona, mama yangu. Lakini hapa wameandika mwenye wino ameshapiga. Hawakuandika lini."

Akaweka alama ya aliyekwisha kupiga mbele ya jina lake. Wachache wa bondeni waliokuwa nyuma yake wakaambiwa hivyohivyo, wakageuza. Njiani Bi Povu alilia kwa hasira, akayafuta machozi kwa mkono mweusi. Mheshimiwa alishinda tena.

Siku mbili baadaye dereva alileta koti. Lilihitajika kesho yake, kwa ajili ya kuapishwa. Safari hii lilikuwa na kitone cha wino kwenye mfuko wa ndani.

"Mheshimiwa anauliza kama hili litatoka," alisema dereva.

"Hilo litatoka."

Aliitoa kalamu, akaitoa na barua, gundi yake bado haijaguswa, akaviweka mezani. Alilitia koti majini, akalisugua mara moja. Doa likatoka lote, maji yakabaki meupe. Alilianika, likakauka, akalipiga pasi mwenyewe kwani mpiga pasi hakuwepo. Kisha akarudisha vitu vyote mfukoni, kama kanuni ya duka inavyotaka, akaandika kwenye risiti: koti moja, limetakata.