Alama ya Mpira Mstarini

Usingizi unamchukua Evarist Lukindo akiwa ameketi wima kitini, saa tisa alasiri, katikati ya mabishano. Kamati ya Klabu ya Tenisi ya Lusanga inapanga orodha ya wachezaji kumi bora wa kiume wa enzi zote, majina yatakayochongwa kwenye ubao wa mninga na kutundikwa ukumbini, na tangu asubuhi watu saba wazima wamekuwa wakikatizana maneno. Huyu anataka yahesabiwe makombe, yule anataka ihesabiwe miaka ambayo mtu alikaa kileleni, mwingine anauliza utamlinganishaje aliyecheza na raketi ya mbao, nzito kama mchi, na huyu wa juzi aliyeshika raketi nyepesi kama ungo. Nafasi tisa zimeshapata wenyewe. Imebaki ya kwanza, na kura zimegongana tatu kwa tatu: Tasilo Ngonyani mwenye makombe saba, au marehemu Aloyce Mapunda mwenye makombe sita. Kura ya saba ni ya Evarist, mshika mstari mstaafu, aliyekaa miaka ishirini na minane akiutazama mpira unaangukia wapi. Mzee Evarist, tunakusubiri wewe, asema Bi. Zuwena, mwenyekiti wa kamati, kwa upole, lakini sauti yake inaanza kwenda mbali, inakwenda, inageuka kuwa mvumo wa feni, na Evarist anafumba macho ili afikiri kidogo tu.

Anapoyafumbua yuko barabarani. Barabara yenyewe ni ya udongo mwekundu uliofagiliwa vizuri, udongo wa kiwanja, na pande zote mbili imechorwa mstari wa chokaa unaokwenda mpaka macho yanachoka. Jua halipo, ila mwanga upo, mweupe, hauna kivuli. Anatembea, na kadiri anavyotembea ndivyo anavyozikuta nyayo zake mwenyewe zikiwa zimemtangulia. Mbele yake amesimama mtu mrefu aliyevaa meupe tangu kofia hadi viatu, na uso hana. Pale penye uso pako laini tu, kama ganda la yai. Evarist anashangaa kuwa haogopi. Barabara hii inaishia wapi, anamuuliza. Inaishia kwa wa kwanza, ajibu yule mtu. Na huyo wa kwanza yuko wapi? Ni yule asiye na mtu mbele yake, mtafute kwenye barabara inayozunguka. Evarist anamwambia, bwana, barabara inayozunguka kila mtu ana mtu mbele yake. Basi umeshaanza kazi, asema yule asiye na uso, na anamtilia mkononi kipande cha chokaa.

Ndipo anawaona wachezaji, wamepanga foleni barabarani, wote wamempa mgongo, wa zamani wenye suruali ndefu nyeupe na wa sasa wenye kaptula, na kazi yake ni kuandika namba migongoni. Anaanza na makombe. Anaandika moja kwenye mgongo wa mwenye makombe mengi, na papo hapo wote wanageuza miili, wa nyuma anakuwa wa mbele, na ile moja sasa iko mkiani. Anafuta, anajaribu kwa nani alimfunga nani. Huyu alimfunga yule, yule alimfunga huyu wa tatu, na wa tatu, lo, alimfunga wa kwanza kwenye udongo siku ya mvua, na foleni inajikunja yenyewe kuwa duara, wanaume wanashikana mabega, duara linazunguka, wanacheka kwa sauti ya chini kama watu wanaojua jambo. Anajaribu kwa miaka, chokaa inamegeka. Anajaribu kwa uzuri wa mkono, kwa namna mtu alivyougonga mpira mpaka waliokaa wakasimama, na hapo mkono wake Evarist unasita wenyewe, kwa maana jina linalomjia halimo kwenye foleni. Anapita mgongo hadi mgongo akilitafuta. Hamduni yuko wapi, anauliza. Hamduni Kaoneka hayuko hapa? Yule asiye na uso anasema, hapa wako waliotwaa makombe. Asiyetwaa yuko mjini, kule ambako kila kitu kimetokea mara mbili.

Mji ni wa vioo. Nyumba ni vioo, milango ni vioo, na kila kiwanja kina pacha wake upande wa pili, ambako anayechezea kulia anachezea kushoto na anayeshinda anainamisha kichwa. Evarist anapita mtaa baada ya mtaa, na mitaa inahama nyuma yake kama watu wanaohamisha viti, mpaka anasikia mlio wa mpira ambao angeujua hata akiwa kaburini, na anajikuta uwanjani Lusanga, miaka thelathini na mmoja iliyopita, fainali, watu wamejaa hadi ukutani, wote hawana nyuso. Tasilo yuko upande huu, kijana, jasho linamchuruzika. Upande ule yuko Hamduni, fundi cherehani wa mtaa wa reli, mwembamba, raketi ya kuazima, na imebaki pointi moja tu achukue ubingwa. Na pale mwisho wa mstari wa nyuma, ameinama na mikono magotini, yuko Evarist mwenyewe, kijana, masharubu meusi. Hamduni anagonga. Mpira unapita juu ya wavu, karibu uuguse, unamwacha Tasilo amesimama, unaanguka. Nje, anapaza sauti kijana Evarist, na mkono wake umenyooka pembeni.

Mzee anajua kitakachofuata, kwa sababu amekaa nacho miaka yote hiyo bila kumwambia hata mkewe. Mpira kwenye udongo huacha alama. Alama ilikuwepo, ya mviringo, nusu yake juu ya chokaa, na mpira uliogusa mstari ni wa ndani, na kijana yule aliiona. Aliiona, akaona pia Hamduni anakuja mbio kuitazama, akaona mzee Ngonyani, baba yake Tasilo na mwenyekiti wa klabu, ameinuka kwenye kiti chake, na akapitisha kiatu. Mara moja tu, kama mtu anayejiweka sawa. Hamduni alipofika hakukuta kitu. Alicheza pointi zilizobaki kama mtu aliyefiwa, akashindwa, akairudisha raketi ya watu na hakukanyaga tena Lusanga.

Hamduni sasa anageuka wavuni na anamtazama yeye, mzee, siyo yule kijana; na Hamduni ana uso, ndiye peke yake mwenye uso mahali pote pale. Nitakuandika wa kwanza, Evarist anamwambia. Chokaa ninayo. Nitakuandika wewe juu ya wote. Sitaki namba, asema Hamduni. Namba za nini? Hata mimi sijui kama ningemfunga Tasilo mara ya pili. Mimi nataka pointi yangu, mwamuzi. Moja tu. Ile.

Na kule mstarini kiatu cha kijana kimeshaanza kuinuka. Mzee Evarist anakimbia, magoti mabovu na yote, anajitupa kifudifudi kwenye udongo na anakishika kifundo cha mguu wake mwenyewe kwa mikono miwili. Uwanja mzima unazomea. Mguu ni wa kijana, una nguvu, unamburuta, lakini haachii. Yule asiye na uso anainama juu yake. Ukiuzuia mguu huu, orodha yote inaanguka. Ianguke, asema Evarist. Makombe saba yatakuwa sita. Yawe sita. Walioshinda watakuchukia na aliyeshindwa hatakushukuru. Sikuja kushukuriwa. Na wewe, asema yule kwa sauti iliyo karibu kama sauti ya ndani ya sikio, wewe uliyeishi kwa jina la kuona vizuri, utakuwa nani? Nitakuwa mtu aliyechelewa miaka thelathini na mmoja, asema Evarist, udongo mdomoni. Jicho langu lilikosea, na jicho hukosea. Mguu wangu haukukosea. Mguu ulijua. Niache niushike!

Mzee Evarist. Mkono uko begani mwake. Mzee, kura yako, asema Bi. Zuwena. Watu wanasubiri nje, Tasilo amekuja na wanawe, wapiga picha wameshafika. Evarist anasimama. Vidole vyake vimekakamaa kama vya mtu aliyekuwa ameng'ang'ania kitu. Sipigi kura, asema. Nasahihisha pointi. Na anawaambia yote, fainali ile, mpira ule, alama, kiatu. Anayasema polepole, hapunguzi neno, na anaposema mpira ulikuwa ndani sauti yake inapanda mpaka dirisha linatetema. Jua la alasiri linaingia kwa nyuma yao, mwanga mweupe, na wale sita wamekaa kwenye mwanga huo hivi kwamba hawezi kuona pua ya mtu wala jicho. Mzee wangu, asema Bi. Zuwena, au asema aliyekaa mahali pa Bi. Zuwena, swali ni nani wa kwanza. Hatukuuliza mpira uliangukia wapi. Evarist anayatambua maneno hayo, ni maneno ya kule. Angeweza kuyasikia barabarani. Anakanyaga sakafu kwa nguvu, sakafu haimwambii kitu. Sawa, anajisemea. Kama bado nimelala, nitayasema usingizini, na kama niko macho nitayasema nikiwa macho. Ulikuwa ndani, asema tena. Andikeni. Hamduni Kaoneka alishinda.

Mlango unafunguka. Mwanaume mrefu amesimama kizingitini, suti nyeupe, mwanga wote uko mgongoni mwake na usoni pake hapaonekani kitu. Nani kasema mpira ulikuwa ndani? auliza.

Mimi, asema Evarist, na hakai chini.