Oili ya Kupita Alama

Wakati wa vita, dereva wa Butembo aliyetaka kufika Beni na oili ya akiba alikuwa na mahali pamoja tu pa kuificha, napo ni ndani ya injini yenyewe. Bidoni yoyote, yaani dumu la oili, iliyoonekana kwenye kizuizi iliteremshwa na wanajeshi, na hakuna aliyewahi kuiona ikipandishwa tena. Basi madereva wakazoea kutia oili ikapita alama ya juu kidogo, unene wa kidole hivi, wakasema wanainywesha injini kwa ajili ya kiu ya njiani.

Wengine hawakukubali. Kila asubuhi kwenye parkingi ya Mususa, dereva Muyisa na mwenzake Kasonia walishikana kwa maneno juu ya kidole hicho cha oili, ambayo wao waliiita huile.

“Huile yenye inapita alama inauwa motor,” Kasonia alisema.

“Kidole moja?” Muyisa alijibu. “Kidole moja haiuwe kitu! Batu ya usine, kule banatengeneza motor, baliweka ile alama juu ya batu ya woga kama weye.”

Wabishi wengi wana bahati hiyo, kwamba kila mmoja ameshika kipande chake cha ukweli na hataki kukiachia. Aliyewasikiliza kuliko wote alikuwa Kavuo, mkewe Muyisa, kwa sababu kazi ya kutia oili alfajiri ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyeficha bidoni chini ya gunia la maharagwe, na yeye ndiye aliyejua kupima. Kijiti cha kupimia cha pick-up ya Muyisa kilivunjika zamani, wakawa wanapimia spoku ya baiskeli iliyokwanguliwa alama mbili kwa tupa.

Katika ua wao alipanga mwalimu mmoja, Madame Yolande, mtu wa Isiro. Serikali ilimleta Butembo kufundisha, vita vikafunga njia nyuma yake, na binti yake Élodie akabaki Isiro kwa bibi. Miaka ikapita hivyo. Yolande na Kavuo walipika kwenye moto mmoja, wakauguzana, wakacheka mambo ambayo waume hawaambiwi. Kisha siku moja redio ya phonie ya parokia ikaleta habari: bibi amefariki, mtoto yuko kwa majirani, mama yake aje upesi. Mapadri wakamtafutia kiti katika ndege ndogo itakayoondoka Mavivi, uwanja wa ndege wa Beni, Alhamisi saa sita mchana. Baada ya hiyo, hakuna aliyeweza kusema nyingine itakuja mwezi gani.

“Nitamufikisha miye mwenyewe,” alisema Muyisa.

Jioni ya kuagana, majirani walikuja na ugali na maharagwe, wakaimba kidogo. Kavuo alivumilia mpaka mwisho, kisha machozi yakamshinda. Akasema kwa sauti mbele ya watu wote, “Mi naomba ile gari ifwe njiani, ili ubakie!”

Watu walicheka. Yolande naye alicheka, lakini kidogo.

Neno hilo lilimnyima Kavuo usingizi. Alimwombea mwenzake mabaya, tena mama anayekwenda kumchukua mtoto aliyefiwa na bibi yake! Alfajiri akaamka na moyo wa kulipia kosa. Akaitoa bidoni chini ya maharagwe. Spoku hakuiona mahali pake, na wala hakuitafuta sana. Leo hawabebi viazi, alijiambia, leo wanambeba Madame. Injini isije ikaona kiu hata kidogo. Akaimimina bidoni yote mpaka tone la mwisho, akafuta mfuniko, akapiga ishara ya msalaba juu ya boneti. Haba na haba hujaza kibaba, lakini Kavuo siku ile hakuwa na subira ya haba.

Waliondoka watatu ndani ya kabini, Yolande katikati, na nyuma mizigo yake pamoja na vitunguu vya Masereka vya kuuza Beni. Kizuizi cha kwanza kilipita salama. Muyisa akachangamka, akaanza hadithi zake.

“Jana magaribi nilimupatiza Kasonia haya! Nilitia kidole yangu juu ya alama, mbele ya macho yake. Nikamuachia na ile spoku, nikamuambia, bakia unapima hewa.”

Kumbe Muyisa alishatia. Kavuo akamuuliza mumewe kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, “Baba Agar, na kama inapita kidole moja?”

“Kidole na nusu, hakuna maneno.”

“Na kama ni mingi?”

“Mingi hapana! Kule chini kuko chuma yenye inazunguka. Huile ikipanda mingi, ile chuma inaipigapiga, inageuka povu. Na povu hailainishe kitu. Motor inakufwa.” Akacheka. “Lakini nani mutu atamwanga huile mingi, na vita hii?”

Kavuo alitazama nje. Jana tu, mbele ya ua mzima, ameomba gari life. Leo aseme ametia bidoni nzima bila kupima? Nani atamwamini? Yolande angekwenda Isiro, au angebaki Butembo, akiwa na hakika kwamba rafiki yake wa moto mmoja alimfungia njia ya mtoto. Akaomba Mungu injini inywe haraka, akanyamaza. Mficha maradhi, lakini, kifo humuumbua.

Kwenye mpando wa kwenda Maboya gari likaanza kuchoka. Nyuma ukatoka moshi wa buluu, mzito, ukafunika barabara. Taa nyekundu ya oili ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Muyisa akasimamisha gari kando, akafungua boneti, akatazama moshi, akatikisa kichwa.

“Iko inakula huile, tena sana. Ingekuwa na spoku, ningepima. Lakini moshi ya hivi, ni motor yenye njaa.”

Dereva yeyote angesema vilevile, maana gari kuukuu linalokula oili hutoa moshi huohuo. Muyisa akapanda mbio hadi nyumba moja ya kando ya njia walimokuwa wakiuza oili kwa chupa za bia. Yolande alikuwa ameshuka, anatazama jua, midomo yake inatembea bila sauti. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomchoma Kavuo zaidi.

Muyisa akarudi na chupa mbili kifuani. Akafungua mfuniko wa injini, akainamisha chupa ya kwanza.

“Acha!” Kavuo alipiga kelele. Akamshika mkono mpaka oili ikamwagika kwenye viatu. “Hapana ongeza! Imejaa! Ni miye nilitia. Asubui, mbele ya kutoka, nilitia bidoni yote. Sikujua kama ulishatia.”

Muyisa alimtazama mkewe kama hamjui. “Bidoni yote? Ile ya litre mbili na nusu?”

“Yote.”

“Na tangu Butembo unanyamaza? Mama Agar! Jana ulisema nini mbele ya batu?”

Ndilo neno aliloliogopa, na lilitoka kinywani mwa mume wake mwenyewe. Kavuo alilia tu, amesimama katikati ya barabara, akamgeukia Yolande ili aone uso wake. Lakini Yolande hakuwepo. Alikuwa amepanda nyuma ya gari, anafukua mizigo, akashuka na beseni jipya la rangi ya waridi. Alilinunua la kumwogeshea Élodie, akalijaza magauni aliyoyashona mwenyewe kwa makisio, maana hakujua mtoto amefikia kimo gani. Akayamwaga magauni juu ya kiti na kumpa Muyisa beseni.

Kavuo akafungua kikwembe chake cha juu, kitenge kile cha Noeli, akayafunga magauni yasiguswe na oili.

Muyisa aliingia chini ya gari na beseni na ufunguo wa bulonge, ile bolti ya kutolea oili. Bila spoku hakuwa na njia ya kujua wapi pa kukomea. “Sema kweli, mama,” alisema kutoka chini, sauti sasa imepoa. “Ni bidoni yote, ao karibu yote? Nikitosha nyingi inje, tunakufwa. Nikitosha kidogo, tunakufwa vilevile.”

“Yote. Nilikung'uta mpaka tone ya mwisho. Itafika hapa.” Akaweka kidole kwenye ukuta wa beseni, mahali ambapo bidoni yake ingefika. Alikuwa ameimimina mara nyingi, mkono wake ulikijua kile kipimo.

Oili ikatoka ya moto, imejaa povu. Ilipofika kidoleni Kavuo akasema, “Funga!” na Muyisa akafunga, akajiunguza, akamlaani Kasonia bila sababu. Wakaiacha injini ipumzike kidogo. Ilipowashwa ilikohoa moshi wa mwisho, kisha ikatulia, na taa nyekundu ikazima. Kidole kimoja juu ya alama kilibaki, na kweli hakikuua kitu.

Kwenye kizuizi cha kuingia Beni mwanajeshi aliona beseni kati ya vitunguu.

“Ni nini hii?”

“Huile, chef.”

“Kitisa.”

Likateremshwa, beseni na oili yake. Hakuna aliyeulizwa kitu kingine, na mti wa kizuizi ukainuliwa upesi kuliko siku zote. Muyisa alitaka kucheka, akatazama wanawake wawili pembeni yake, akaacha. Tangu Maboya Yolande hakuwa amefungua kinywa. Kavuo alihesabu kimya kile kuwa hukumu yake, akaona ni haki.

Walifika Mavivi ndege imeshawasha injini, nyasi zimelala kwa upepo wake. Mtu mmoja alipunga mkono: upesi, upesi! Yolande akashika mfuko wake na kifurushi cha kikwembe, akakimbia. Akafika katikati ya uwanja, akasimama, akarudi mbio hadi mlangoni mwa gari. Ilibidi apige kelele kwa sababu ya ndege.

“Nilikuwa niko naogopa saa, ndio sikusema! Sikia, Kavuo! Mutu mwenye hapendi mwenzake afike, anapunguza huile. Haongeze!”

Akamkumbatia, kifurushi kikiwa katikati yao. “Wasingya,” akashukuru kwa Kinande alichofundishwa jikoni, akaondoka.

Kavuo alilia mpaka ndege ikawa nukta juu ya misitu, bila kuona haya hata mbele ya askari. Muyisa alimpa kitambaa chake cha kufutia oili, kwa kuwa hakuwa na kingine.

Wiki iliyofuata, mtu wa phonie alipita Mususa na ujumbe mfupi kutoka Isiro kwa Mama Agar. Magauni yote yalikuwa madogo. Kikwembe hakitarudi, maana Élodie amekishika, ndicho anacholalia.