Godoro la Watu Wawili

Begi la wifi yake lilikuwa limefungwa tangu juzi, limesimama kando ya mlango kama mtu aliyekwisha kuaga lakini bado anasubiri kusindikizwa. Kila alipopita, Mama Foronya alilitupia jicho, akanyamaza. Alikuwa mtu wa kunyamaza kwanza, kusali pili, kusema mwisho. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu ya foronya na mashuka aliyoshona barazani kwenye cherehani yake ya miguu, tangu mumewe yu hai mpaka sasa ni marehemu.

"Jumamosi naondoka, wifi," alisema yule dada wa mumewe. "Naenda kwa mpwa wangu. Nimewakumbuka mno wale watoto."

Watoto wenyewe walikuwa na ndevu. Na katika nyumba ya huyo mpwa, wote wawili walijua, mgeni alihesabiwa mpaka vijiko vya sukari. Hapendi mtu kwenda mahali kama pale ila kama anakimbia kitu. Mama Foronya alikijua kinachokimbiwa. Kilikuwa kitanda.

Chumba cha kulala kilikuwa kimoja tu, kile kingine alikaa mpangaji, na kitanda cha pili hakiingii hata ukikiombea dua. Siku aliyofika kukaa naye baada ya msiba, wifi alitandika chini. Asubuhi magoti yakagoma, ikabidi mpangaji aitwe kumwinua, naye akamwinua huku ametazama pembeni kwa heshima. Ndipo wakaanza kulala pamoja, juu ya godoro la sponji lililonunuliwa wakati marehemu anaugua. Godoro hilo lilikuwa limebonyea katikati mfano wa mtumbwi. Ukilala juu yake, mgongo unaloa jasho na kiuno kinabaki kinaning'inia, na mmoja akijigeuza tu, mwingine anarushwa kama yuko kwenye lori lililoingia shimoni.

Kila asubuhi waliulizana, macho yao mekundu:

"Umelalaje, wifi?"

"Vizuri sana. Na wewe?"

"Kama mtoto."

Uongo mtupu, Mungu awasamehe. Walipishana kwa adabu hivyo mwezi mzima, hakuna aliyekuwa tayari kumwambia mwenzake kwamba halali.

Lakini wifi akiondoka, nani atabaki? Watoto wa Mama Foronya walimjua baba yao. Majirani walimjua dereva wa lori. Wifi peke yake ndiye aliyemjua yule kijana mwembamba, mwenye masikio makubwa, aliyejifunza kupiga mluzi kwenye tundu la ufunguo. Jioni wakikaa na chai, wifi aliweza kusema, "Unakumbuka alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema uongo?" na marehemu akawa amekaa nao pale, anatafuta pa kuweka kikombe. Jambo hilo halinunuliwi dukani.

Basi binti yake alipopiga simu kusema, "Mama, mgongo wako huo, kachague godoro la maana, mtakalolipenda nitalilipia," Mama Foronya alivaa viatu siku ile ile.

"Nisindikize, wifi. Unishikie mkoba tu."

"Mkoba wenyewe una nini cha kunishinda mimi kuushika?" alisema wifi, akauchukua.

Duka lilikuwa mbele, karakana nyuma, na katikati pazia. Walipoingia, harufu iliwapokea kabla ya mwenye duka. Ilikuwa harufu ya makumbi makavu ya nazi na pamba mpya. Mama Foronya alisimama. Wifi naye alisimama. Hawakutazamana, lakini wote wawili walikuwa wamekwisha ondoka pale, wamerudi nyuma miaka arobaini na kitu.

Siku hizo Mama Foronya alikuwa bibi harusi wa juzi, na mumewe alikuwa akisafiri na lori wiki nzima nzima. Mama mkwe akaona si vizuri mke mgeni alale peke yake, akampeleka binti yake wa mwisho, wifi huyu huyu, wakati huo kasichana ka miaka kumi na miwili, akamlinde. Mlinzi mwenyewe akilala halindi kitu, kazi yake mateke. Walilala juu ya godoro la usufi, zawadi ya harusi. Kila kiangazi waliufumua mshono wake, wakautoa usufi ulioshikana mabonge, wakauanika juani juu ya mikeka na kuuchapa kwa fimbo mpaka ukaumuka upya. Ulipeperuka, ukawaganda kwenye nywele na nyusi. Siku moja mume akarudi safari bila taarifa, akawakuta uani weupe kichwa kizima. Akamwita jirani yake kwa sauti: "Njoo ushuhudie! Niliacha mke mmoja kijana, nakuta vikongwe wawili!" Kisha akavua shati, akashika fimbo ya tatu. Jioni yake walilirudishia mshono pamoja, yeye akivuta uzi kwa meno, na usiku ule godoro lilikuwa limetuna kiasi kwamba kulipanda ilibidi mtu ajirushe.

"Karibuni, mama zangu," sauti ilisema.

Fundi wa magodoro alikuwa mtu mnene wa makamo, utepe wa kupimia umemning'inia shingoni. Aliwatazama walivyosimama, mmoja mwembamba kama ufito, mwingine amejazia, akauliza, "Linalotakiwa ni la nani?"

"Lake," alisema wifi haraka. "Mimi ni msafiri."

"La wawili," alisema Mama Foronya.

Fundi alikuwa amezoea wateja wasiokubaliana, akaendelea na kazi yake. Aliwaonyesha kipande cha godoro kilichokatwa ubavuni ili ndani yake paonekane. Springi zilikuwa zimepangwa wima, kila moja imevikwa mfuko wake wa kitambaa.

"Hizi hazijafungwa pamoja kwa waya," alisema. "Ukiibonyeza hii, jirani yake hana habari."

"Kama wapangaji," alisema wifi.

"Wapangaji waliolelewa vizuri, mama. Juu ya springi nimelaza makumbi, juu ya makumbi pamba, halafu manyoya ya kondoo, na gamba lake pamba tupu. Sponji inashika joto lako na kukurudishia. Hili linapumua. Bega lizame kidogo, kiuno kishikwe, basi. Lakini maneno hayalali. Vueni viatu mjaribu."

Walivua viatu. Walipanda kwa aibu, kwa maana kulala mchana mbele ya mwanamume mgeni si jambo dogo, hata kama ana utepe shingoni. Wakajinyoosha chali, mikono ubavuni, wakatazama dari.

Fundi alisubiri. Akasubiri tena.

"Mnalionaje?"

"Zuri," alisema Mama Foronya.

"Zuri sana," alisema wifi.

Akawahamishia kwenye sponji nene iliyokuwa pembeni.

"Na hili?"

"Zuri."

"Zuri mno. Hata sikumsikia wifi."

"Na mimi sikukusikia," alisema Mama Foronya. "Tuchukue hili tu, wifi, ni jepesi hata kulibeba."

Fundi alijikuna kisogo. "Mama zangu, nimeuza magodoro tangu sina tumbo hili. Sijapata kuona watu wanaojaribu godoro kama wanaogopa kuliamsha. Hamkugeuka hata mara moja! Hivyo mlivyolala, hata ningewalaza kwenye saruji mngesema zuri."

Wifi alicheka kidogo, lakini hakusogea. Hapo ndipo Mama Foronya, mwenye jicho la kuona uzi uliokatika kwenye shuka jeupe, alipoteremsha macho na kuona mkono wa wifi yake. Vidole vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa godoro mpaka kucha zimebadilika rangi. Wifi mwenyewe hakuwa na habari navyo. Mama Foronya alipotaka kunyoosha wake amguse, akaona nao umeshika ukingo wa upande wake, vile vile.

Kumbe mwezi mzima walilala hivyo, kila mmoja amening'inia kwenye mbao za upande wake ili asimporomokee mwenzake.

"Wifi," alisema polepole. "Achia."

"Niachie nini?"

"Tazama mkono wako."

Wifi aliutazama. Akaufungua taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi. Fundi aliona hapa hapahitaji fundi, akajitia ana kazi nyuma ya pazia.

"Ndiyo, wifi," alisema dada wa marehemu, akitazama tena dari. "Nitasema nini tena? Nikigeuka wewe unaamka. Nakusikia ukiamka. Unashtuka, halafu unakaa kimya unasikiliza. Umri wako huo, na mgongo huo, nije mimi nikunyime na usingizi? Kaka yangu angenisema. Kwa mpwa kuna mkeka."

"Mkeka upi, na magoti yako hayo?"

"Yatazoea."

Mama Foronya alikaa kitako. Hakuwa na maneno mengi, na aliyokuwa nayo alikuwa ameyaweka ndani tangu siku ya msiba. "Siamshwi na kugeuka kwako," alisema. "Naamka kwa sababu hugeuki. Kaka yako alilala kando yangu ametulia hivyo hivyo. Mimi nikashukuru, nikasema leo Mungu amempa usingizi, ngoja nisimsumbue. Kumbe amekwisha kwenda." Akajifuta uso kwa upande wa kitambaa cha kichwa. "Sasa wewe unakuja kunilalia kama gogo! Naamka nasikiliza kama unapumua. Nikisikia unapumua, namshukuru Mungu. Kisha naanza upya kusikiliza."

Wifi aligeuka kumtazama. Aligeuka mwili mzima, kwa mara ya kwanza, na sponji ikamtupa Mama Foronya ubavuni kwake, vichwa vikagongana.

"Aa! Hili halifai!" walisema kwa pamoja, na wifi akaanza kucheka kile kicheko chake cha kifuani, mpaka fundi akachungulia kuona kama ni kilio.

"Rudini kwenye springi," aliwaamuru. "Na safari hii mgeuke kama watu wenye deni na usingizi."

Walirudi. Wifi akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto, akajitupa kama mtoto. Mama Foronya alifumba macho kusudi, akangoja mrusho ule alioujua. Haukuja. Kiuno chake kilikuwa kimeshikwa kwa chini, kama vile mtu amemwekea kiganja, na upepo mdogo ulipita kati ya mgongo wake na kitambaa.

"Umenisikia?" aliuliza wifi.

"Sikukusikia." Akafumbua macho. Furaha yake ikasita. "Lakini basi, wifi, nikiamka nitajuaje kama upo? Hili halisemi kitu."

"Utanisikia tu. Mimi nakoroma."

"Wewe? Mwezi mzima sijakusikia ukikoroma."

"Silali, wifi yangu! Mtu atakoromaje yuko macho?"

Safari hii hata fundi alicheka waziwazi. Akamwita Mama Foronya nyuma ya pazia achague kitambaa cha juu, kwa kuwa yeye ni mtu wa mashuka na macho yake yanajua pamba iliyochanganywa. Alikwenda. Alivuta nyuzi, alizinusa, alisugua vitambaa kwa kidole gumba, akakataa kile chenye maua yaliyokuwa yaking'aa mno. Alichukua muda, kama kawaida yake.

Akiwa bado ameshika kitambaa alisikia sauti kutoka mbele. Ilianza kwa chini, nzito, ikapanda, ikakwama, kisha ikamalizika kwa mluzi mwembamba.

Mama Foronya alishika meza ya kukatia. Aliijua sauti ile. Miaka arobaini aliilalamikia, aliitupia mto, aliisimulia kwa mashoga zake akiicheka. Hakujua kama ilikuwa ya ukoo. Alifikiri ilikuwa ya mtu mmoja tu, na kwamba ilizikwa.

"Nimwamshe?" aliuliza fundi. "Kuna wateja mlangoni."

"Mwache, mwanangu. Mwache tafadhali."

Aliketi kwenye kigoda kando ya godoro, kitambaa kimemkaa mapajani. Wateja waliingia, mume na mke, wakaulizia bei kwa kunong'ona kama wako mahali pa ibada. Wifi aligeukia ukutani, akakoroma. Akageukia huku, akakoroma. Mama Foronya hakusikiliza kama anapumua. Alisikiliza tu, kama mtu anavyosikiliza mvua ya zamani. Alijikuta anaongea na marehemu moyoni, si kwa huzuni, kumwambia tu kwamba lori lake linanguruma tena, limerudi limejaa.

Wifi alipoamka jua lilikuwa limekwisha hama dirishani. Alikaa, akarekebisha kitambaa chake, akawatazama wote kwa ukali.

"Nimekoroma?"

"Kidogo tu, mama," alisema fundi, Mungu amsamehe na yeye.

Akachukua utepe shingoni. Akaeleza kwamba hili la dukani ni la kuonyeshea watu, lao atalitengeneza upya, siku kumi au zaidi kidogo. Mama Foronya aliinamisha uso kwenye kitambaa. Jumamosi ilikuwa kesho kutwa. Maneno yake yote alikwisha yatumia.

"Na springi hazitakuwa za namna moja," fundi aliendelea. "Wewe mama ni mwepesi, upande wako nitaweka laini. Ila huu wa pili sijui niufanyeje. Niweke za mtu gani?"

Aliuliza akimtazama Mama Foronya. Mama Foronya alitazama pamba.

Wifi alishuka kitandani, akatafuta viatu vyake kwa mguu, akapata kimoja.

"Za mtu mnene," alisema. "Usione haya, fundi. Njoo unipime."