Viatu vya Nyamizi

Ijumaa hiyo Nyamizi alirudi kwenye simu za watu akiwa amevaa viatu.

Mathias alimwona wakati wa mapumziko ya chai, akiwa amekaa peke yake katika ofisi ya walimu. Mchezo wa simu uitwao Njia ya Wapagazi ulikuwa umetoa toleo jipya, na katika picha yake ya kwanza alisimama mwanamke ambaye mashabiki walimfahamu kama wanavyomfahamu ndugu wa damu: mpagazi wa Kinyamwezi anayetoka Tabora na mzigo begani kuelekea pwani. Ila sasa alikuwa amebadilika. Kovu lililochongwa na mzigo begani mwake lilikuwa limefutwa, na mabega yenyewe yamepunguzwa upana. Miguu yake, ambayo katika matoleo yote yaliyotangulia ilikuwa mitupu na imejaa vumbi hadi magotini, ilikuwa ndani ya viatu vya ngozi vilivyofungwa kwa kamba.

Mathias alikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari mjini Tabora. Alikuwa pia mwanzilishi na msimamizi wa kundi kubwa kuliko yote la mashabiki wa mchezo huo mtandaoni. Aliupenda kwa sababu ulifanya kazi iliyokuwa imeishinda chaki na ubao. Wanafunzi waliokuwa wakikariri vituo vya misafara kwa kusinzia sasa walibishana kwa sauti: je, inafaa kupitia Ipole kwanza kuchukua asali, au kushika moja kwa moja njia ya mashariki kabla maji hayajakauka Ugogo? Nyamizi ndiye aliyekuwa amewaamsha. Kwa hiyo Mathias alipoviona vile viatu, alihisi kama mtu aliyeingia nyumbani kwao akakuta picha ya marehemu bibi yake imepakwa wanja.

Na alimjua aliyepaka. Jina lake lilikuwa mwishoni mwa mchezo, kwa herufi ndogo ambazo hakuna aliyejali kuzisoma: Zuwena, mchoraji wa mtaa wa Isevya.

Zuwena alikuwa Mzaramo. Baba yake aliletwa Tabora na kazi ya reli, na yeye na Mathias walikua pamoja, nyumba zao zikitenganishwa na mitaa miwili. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Na utani huo, kama Mathias alivyozoea kuwaeleza wanafunzi wake, ulizaliwa katika njia ileile ya misafara, pale watu wa bara waliochoka walipowafikia wenyeji wa pwani, wakahitajiana, wakatambiana, na mwisho wakaamua kwamba matusi baina yao yasihesabiwe kuwa matusi. Mtani hukutukana, hukunyang'anya kofia, hukuchimbia kaburi kwa maneno, nawe huna ruhusa ya kukasirika.

Kwa hao wawili jambo hilo halikuwa somo la darasani tu. Baba yake Mathias alipofariki, Zuwena alikuja msibani akavaa koti la marehemu, akachukua fimbo yake, akapita mbele ya waombolezaji akiiga mwendo wake wa kuchechemea huku akidai kwa sauti nzito aonyeshwe ni nani amekula nyama yote. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Mathias, ambaye kwa siku nzima alikuwa amekauka kama gogo, ndipo alipoweza kulia. Hakuna kitu alichowahi kupewa na mtu yeyote ambacho alikithamini kama mwendo ule wa kuchechemea.

Ijumaa hiyo, basi, aliandika kwenye kundi kama mtani:

"Jamani, msihangaike kumtafuta aliyemharibu Nyamizi. Ni Zuwena wa Isevya, Mzaramo. Tangu lini Mzaramo akajua mzigo? Babu zake walikaa kivulini pwani wakingoja tufike na jasho letu watuuzie maji. Zuwena, turudishie dada yetu upesi! La sivyo tutakuzika ukiwa hai, na viatu hivyo tutakuvika wewe."

Alicheka mwenyewe hadi chai ikamwagika. Kabla kengele haijalia, Zuwena alimjibu faraghani: "Mpagazi we, mzigo umekulemea hadi akili imeteguka. Ngoja nije nikunyoe kichwa kwa kigae." Mathias akaingia darasani akiwa na furaha tele.

Alichosahau ni kwamba kundi lile halikuwa baraza la Isevya. Lilikuwa na watu wa Mombasa, Bujumbura, Goma, na vijana wengi ambao neno utani kwao lilimaanisha mzaha wowote ule, si mkataba wenye mipaka na wenyewe. Kufikia jioni maneno yake yalikuwa yamekatwa na kufanywa picha, na chini ya picha hiyo mtu alikuwa amebandika sura ya Zuwena. Wengine waliandika kwamba wako tayari kuchangia jembe la kuchimbia kaburi. Wengine waliandika mambo ambayo Mathias aliyapita haraka, kama mtu apitaye penye harufu.

Jumamosi asubuhi ulikuja ujumbe mwingine kutoka kwa Zuwena. Haukuwa na tusi hata moja.

"Mathias, tafadhali waambie kwamba ni utani."

Aliusoma papo hapo. Alikuwa anasahihisha mitihani, akajiambia kwamba atawaambia atakapomaliza. Alipomaliza akajiambia kwamba atawaambia kesho baada ya misa, hasira zao zikipoa, maana kumjibu mtu mwenye hasira ni kumchochea. Hizo zilikuwa sababu nzuri, na alizipanga vizuri. Lakini chini yake palikuwa na sababu nyingine ambayo aliijua vilevile: kila alipofungua simu, alama za mioyo kwenye andiko lake zilikuwa zimeongezeka, na watu asiowajua, wenye elimu zao, walikuwa wakimwita sauti ya Unyamwezi. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Alitaka kuisikia kidogo zaidi.

Jumapili Zuwena hakuandika kitu.

Jumatatu baada ya vipindi, Mathias alikwenda dukani kwa Murtaza. Murtaza aliuza madaftari na vifaa vya simu karibu na soko, na kwa kuwa umeme wake ulikuwa wa uhakika, Zuwena alikodi meza nyuma ya duka hilo na kufanyia kazi zake hapo. Meza ilikuwa tupu.

"Karibu, mwalimu," alisema Murtaza bila kuinua macho. "Leo umekuja kununua, au umekuja kuzika?"

Mathias aliitazama ile meza. "Yuko wapi?"

"Nyumbani. Juzi walikuja vijana wawili, wakasimama hapo mlangoni wanapiga picha. Mmoja akaniuliza, mzee, ni huyo ndani ndiye wa kuzikwa? Nikamwambia hapa tunauza chaja. Kama hutaki chaja, pisha wateja."

"Lakini ulikuwa utani, bwana Murtaza. Wewe unatujua."

"Mimi nawajua! Mnatukanana humu dukani mpaka wateja wanasahau chenji zao. Nilipousoma ule ujumbe wako nilicheka sana, mke wangu shahidi. Ila nina mpwa wangu Mombasa, naye anacheza huo mchezo wenu. Kanipigia simu: mjomba, huyo mwanamke wa huko kwenu kaua nani?" Murtaza alifunga droo polepole. "Na Zuwena naye kaniuliza swali. Kwa nini mwalimu hasemi kitu? Nikamwambia labda simu ya mwalimu imeharibika."

Simu ya mwalimu ililia mfukoni mwake. Wote wawili waliisikia.

Alasiri hiyo aliandika maelezo marefu kwenye kundi. Alieleza asili ya utani, misafara, watu wa bara na watu wa pwani. Alieleza kwamba Zuwena ni mtani wake tangu utotoni na kwamba maneno ya kuzikana ni salamu baina yao. Yalikuwa maelezo mazuri, yenye mpangilio, ya mtu aliyesoma. Majibu yalikuja kabla hajaweka simu chini.

"Mwalimu kashahongwa soda."

"Soda? Huyo kapewa kreti nzima."

"Ijumaa ulisema tuzike. Leo unatuletea maua. Tushike lipi, mwalimu?"

Alilifuta andiko lake la Ijumaa. Ndani ya saa moja lilikuwa limerudishwa na watu wengine mara nyingi kuliko ambavyo angeweza kufuta. Aliwaandikia wenye mchezo kule Dar es Salaam, kwa jina lake kamili, akakiri kwamba yeye ndiye chanzo na kwamba mchoraji hana hatia. Hawakumjibu. Jumatano walitoa tangazo: wamewasikiliza mashabiki, Nyamizi wa zamani anarejea, na aliyehusika na mabadiliko hayo hayupo tena miongoni mwao.

Alhamisi alipoingia kidato cha pili, wanafunzi walisimama wote wakagonga madawati.

"Mwalimu, tumeshinda! Pekupeku! Pekupeku!"

Aliwaomba wakae. Aliandika tarehe ubaoni, kisha akakaa kitambo akiwa amewapa mgongo, kwa sababu hakujua afanye nini na uso wake. Kipindi kilipokwisha, msichana mmoja wa mstari wa nyuma alichelewa kutoka.

"Mimi nilivipenda vile viatu," alisema kwa sauti ya chini. "Ila niliogopa kusema kwenye kundi."

"Uliogopa nini?"

Msichana alimtazama kwa mshangao, kana kwamba ameulizwa jina la shule yake. "Nilikuogopa wewe, mwalimu."

Jioni hiyo hiyo alikwenda Isevya. Alivaa koti lake zuri na saa aliyoachiwa na baba yake, akapanda baiskeli, na alipofika akaiegemeza ukutani bila kuifunga. Alikuwa ameyafikiria hayo njia nzima. Mtani aliyekosewa ana haki ya kukamata mali ya mkosaji, na akishakamata, neno limekwisha. Mkosaji huja kuikomboa kwa vicheko na jogoo. Mathias alitamani anyang'anywe. Alikuwa radhi kurudi kwao kwa miguu, bila koti, bila saa, Zuwena akimzomea mpaka kona ya mwisho.

Ukutani mwa nyumba, mtu alikuwa ameandika kwa mkaa na mwingine akajaribu kuosha. Lilibaki wingu jeusi.

Zuwena alifungua mlango mwenyewe. Alimtazama, akashusha macho, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

Walikuwa rika moja. Tangu alipojua kusema, hakuwahi kumwamkia Mathias ila kwa kumuuliza mzigo ameutupa wapi. Mathias alisimama pale akingoja mdomo ule uchepuke kwa kicheko. Haukuchepuka. Salamu ikabaki hewani inamngoja yeye.

"Marahaba," alisema hatimaye, na sauti yake ilimtoka kama ya mtu mzee.

Alikaribishwa sebuleni, akapewa kiti chenye mto. Chai ililetwa kwenye sinia, vikombe vimefunikwa, sukari pembeni, maandazi ndani ya kitambaa. Mathias alijaribu: "Mzaramo wewe, tangu lini ukajua kupika maandazi? Haya umeiba kwa nani?"

"Ni ya hapa nyumbani, mwalimu. Karibu sana."

Akanywa. Chai ilikuwa nzuri.

"Vile viatu," alisema baada ya muda, "uliagizwa na ofisi?"

"Hapana. Ni mimi." Zuwena aliongea taratibu, bila uchungu, kama anayemweleza mgeni njia ya kwenda stesheni. "Nilikaa na picha yake miezi mingi. Kila nilipomkuza kwenye kioo cha kompyuta naliona lile kovu. Nikawaza, huyu katembea matoleo yote hayo kwenda na kurudi, hakuna aliyempa hata kandambili. Nikaona safari hii aanze akiwa na viatu, na bega lake lipone."

"Kihistoria..." alianza Mathias.

"Kihistoria walikwenda pekupeku. Najua, uliniambia wewe. Lakini yeye si kitabu cha historia, anaweza kupona. Nyinyi mlimtaka abaki na kidonda ili mpate kumhurumia."

Nje muuza samaki alipita akipiga honi ya baiskeli. Mathias aliweka kikombe chini.

"Ule ujumbe wako wa Jumamosi. Niliuona."

"Najua. Simu inaonyesha."

"Niliuona saa ileile. Ningeweza kuwaambia." Alitafuta sababu zile nzuri alizokuwa amezipanga, lakini zote zilikuwa zimemkimbia. "Watu walikuwa wananipenda, Zuwena. Ndiyo sababu. Hakuna nyingine."

Zuwena alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayepokea habari aliyokwisha kuisikia. "Ahsante kwa kunieleza."

"Baiskeli iko nje, sijaifunga. Chukua. Chukua na koti. Hii saa ya mzee, chukua." Alikuwa ameanza kuifungua mkononi. "Nitukane basi. Nitukane nisikie."

"Siwezi, mwalimu."

"Kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza jioni hiyo Zuwena alimtazama usoni, na Mathias akatamani asingemtazama.

"Nikikutukana sasa," alisema, "nitakuwa namaanisha."

Mathias aliifunga tena saa mkononi. Aliposimama kuaga, Zuwena alisimama pia, akajitanda khanga, akamsindikiza. Njia nzima alimuuliza habari za mama yake, za shule, za mvua zilizochelewa, na Mathias alijibu nzuri, nzuri, nzuri, akikokota baiskeli yake. Walipofika njia panda, Zuwena alisimama.

"Safari njema, mwalimu. Utusalimie nyumbani."

Nyumbani kwao Mathias kulionekana kutoka pale. Taa ya barazani ilikuwa imekwisha kuwashwa. Alishukuru kwa salamu, akaahidi kuzifikisha, kama inavyompasa mgeni.