Maiti Aliyekaa Kitako

Nyumbani walimwita Namba tangu akiwa darasa la pili, siku aliyomsahihisha mwalimu hesabu ubaoni na kutolewa nje kwa utovu wa adabu. Alizipenda hesabu, nazo hazikumtupa, hivyo alipoanza masomo ya uzamivu chuo kikuu hakuna aliyeshangaa. Kilichomshangaza mama yake ni jambo lenyewe alilokuwa akilisomea.

"Mafundo? Mafundo haya ya kamba?"

"Ndiyo, mama. Unaweza kuyaona mafundo mawili ukadhani ni tofauti, kumbe ukiyavuta vizuri ni lile lile moja. Sisi tunatafuta namna ya kujua bila kuvuta."

Dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliangua kicheko. "Mimi nafungua mafundo kila siku na hakuna aliyenivisha joho!"

Mwaka wa pili uthibitisho wa kihesabu aliokuwa akiujenga ulikwama. Namba akawa anaingia ofisini kabla ya mfagizi na kutoka mlinzi akipiga miayo. Alikula amesimama. Ukimsalimia koridoni, alikuitikia umeshapita na kuishilia. Mwishowe profesa aliyemsimamia, mama mwembamba asiye na maneno mengi, alizifunika karatasi zake kwa kiganja.

"Usipofanya hesabu, unafanya nini?"

Namba alifikiri. "Nalala."

"Na usingizini?"

"Naota hesabu."

Profesa akaguna. "Katafute jambo usilolijua hata chembe. Kichwa nacho hutaka kupunga upepo. Mimi napiga tarumbeta. Vibaya mno, waulize majirani zangu."

Namba alipomsimulia dada yake, dada hakungoja amalize. Alikuwa akiwashonea mavazi kikundi cha maigizo kilichofanya mazoezi kila Jumamosi kwenye ukumbi nyuma ya maktaba. Akamkokota mdogo wake mpaka huko. Mwongozaji, ambaye siku za kazi alikuwa karani wa posta, akampa ukurasa ausome kwa sauti. Namba akausoma kama mtu anayesoma mita ya umeme.

Mwongozaji akajikuna kisogo. "Unaweza kulala bila kutikisika?"

"Hilo naliweza."

Ndivyo alivyopewa nafasi ya maiti. Katika mchezo huo shangazi amekata roho, na ndugu wanaigombania nyumba yake hata machozi hayajakauka. Namba alilazwa juu ya benchi, akafunikwa shuka jeupe, akatulia kama maji mtungini. Wote walimsifu. Hawakujua kwamba chini ya shuka alikuwa anaendelea na mafundo yake. Dawa ya profesa alikuwa ameitia mfukoni, hajaimeza.

Siku ya onyesho ukumbi ulifurika, mama yake akiwa mstari wa mbele. Mfamasia aliyeigiza mpwa wa marehemu alipiga magoti kando ya benchi, akalia kwa uchungu: "Shangazi, si uliniahidi nyumba hii mimi, mimi peke yangu!"

Wakati huo huo, gizani chini ya shuka, Namba aliona hatua ya katikati ya uthibitisho wake ikivunjika. Akakurupuka, akakaa kitako na shuka lake kichwani, akapaza sauti:

"Si kweli!"

Mfamasia alitimua mbio, na hapo hakuwa anaigiza. Ukumbi ukalipuka kwa vicheko, watu wakashikana mabega wasianguke. "Huyo ni mwanangu!" mama alipiga kelele. "Huyo maiti ni wangu!"

Nyuma ya pazia Namba alitamani ardhi immeze. "Nisamehe, kaka. Nilikuwa nawaza kazi yangu."

Mwongozaji alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Jumamosi ijayo utakaa tena, kwa neno lile lile. Ila safari hii uwe unatusikiliza."

Jumatatu Namba alikagua ile hatua mezani kwake. Haikuwa na kasoro yoyote. Kisichokuwa kweli kilikuwa ukelele wake. Akacheka peke yake mpaka wa ofisi ya jirani akagonga ukuta.

Maonyesho yaliendelea, na ili akae kwa wakati ilimbidi atege sikio: mfamasia alivyovuta pumzi, benchi lilivyolia, mtoto aliyekohoa nyuma. Saa nzima ikapita bila fundo hata moja kumjia. Alitoka pale ana njaa, akaketi na wenzake, akala taratibu huku wakitaniana.

Usidhani jukwaa ndilo lililomkwamua. Uthibitisho ulimchukua miezi mingine ya kuandika na kufuta, ukakamilika alasiri moja ya mvua, ya kawaida tu. Siku ya kuutetea mbele ya watahini, kikundi kizima kilikuja kikajaza viti vya nyuma. Hawakuelewa kitu, lakini kila alipochora fundo ubaoni walishangilia kwa makofi.

"Hawa ni nani?" profesa alimnong'oneza.

"Ndugu wa marehemu," Namba akajibu.

Sasa yeye mwenyewe anafundisha chuoni, na wanafunzi wake wanajua Jumamosi hapatikani. Katika mchezo mpya amepewa nafasi ya mama mwenye nyumba, mkali kama pilipili. Juzi alisahau nusu ya maneno yake, akabuni ya kwake, akamfukuza mpangaji ambaye mchezo ulitaka abaki. Mwongozaji ameshika tama. Mfamasia, ambaye ndiye mpangaji, ameshaulizia nyumba nyingine.