Faili Lililomshinda Chapchap

Hodi ilipigwa masjala asubuhi, Chapchap akiwa ameinamia fomu yake ya kujipima. Mlangoni alisimama mama mmoja mtu mzima, mkoba kwapani, ambaye hakuna aliyemtarajia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Nilistaafu hapa zamani. Naomba barua ya kuthibitisha miaka niliyofanya kazi. Faili langu litakuwa humu kwako."

"Dakika tano tu, mama. Karibu ukae."

Hakuwa akijigamba. Wenzake walimwita Chapchap kwa wepesi wake huo, na kwenye fomu alikuwa ametoka kuandika kwamba kila faili hupatikana ndani ya dakika tano. Fomu ilitakiwa kwa mkuu wa utawala kabla ya saa sita. Kwa fomu hizo angechagua wa kwenda kusomea utunzaji wa kumbukumbu; nafasi ilikuwa moja tu, na Chapchap aliiota tangu siku aliyoajiriwa.

Dakika tano zikapita, zikaja kumi. Alipekua rafu, akapanda ngazi, akapiga magoti. Nusu saa ilipotimia alikuwa amelowa jasho, na faili hata harufu yake hakuisikia.

"Hebu nipe daftari la mafaili yanayotoka," mgeni alisema.

Alivaa miwani, akashusha kidole ukurasa baada ya ukurasa, bila papara. Kidole kikatua.

"Hili hapa. Limetoka miezi minne iliyopita, halijarudi. Aliyelichukua hakuandika jina, kakoroga saini tu. Ila tazama wino ulivyoburuzwa. Huyu anaandika kwa mkono wa kushoto, kiganja kinafuta anachoandika. Mnaye mtu wa hivyo?"

Alikuwepo mmoja tu, afisa usafiri. Chapchap alikwenda mbio, akalikuta faili limetumika kuinulia kompyuta.

"Nilijua halina mwenyewe," afisa alisema.

Aliporudi alimkabidhi mgeni faili kwa mikono miwili. "Mama, nani alikufundisha?"

"Makosa yangu. Nilikalia kiti hicho miaka thelathini na moja. Kila Ijumaa niliandika kazi iliyonishinda, Jumatatu naanza nayo." Akacheka. "Mwaka wa kwanza nilimaliza madaftari mawili."

Chapchap alikitazama kiti kile kama hajawahi kukiona. Yeye alikifanya cha kupitia tu, na kumbe mtu angeweza kukua ndani yake namna hii.

Macho ya mgeni yalikuwa kwenye fomu. "Na kosa la leo utaliandika? Hapo kwenye fomu, si mahali pengine."

"Nitaliandika, mama. Leo leo."

Mgeni alipoondoka na barua yake, mpokezi, shoga yake Chapchap, akachungulia. "Wewe, imebaki robo saa. Peleka fomu ilivyo. Mkuu kashasema hataki mtu mwenye doa."

"Nimemwahidi."

"Umemwahidi mtu ambaye kashaondoka, shoga."

Chapchap alizikata dakika tano kwa mstari mmoja. Chini yake akaandika: "Nusu saa, na bado lilinishinda. Sifuatilii mafaili yaliyotoka. Alilipata mgeni."

Mkuu aliisoma fomu amesimama, akaisoma tena.

"Basi masomoni atakwenda mwenzako wa ghorofa ya tatu. Unaelewa?"

"Naelewa, mkuu." "Ila naomba ruhusa nipite ofisi zote. Yako mafaili mengine ambayo hayajarudi."