Mkubwa ni Yupi

Uzoamaka alikuwa bado ameshika bomba tupu la sindano pale mama wa mapacha alipogonga kioo cha wodi ya vichanga.

"Sista, mbona mkubwa anachomwa tena? Si Morenike kamchoma sasa hivi?"

"Tulia, mama. Huyu ndiye mdogo. Mkubwa keshapata."

Ndivyo Morenike alivyomwambia akimkabidhi zamu, mkoba tayari begani: "Dawa ya degedege mkubwa keshapata, amebaki mdogo."

"Mdogo gani! Huyo katoka wa pili, basi ndiye mkubwa. Mwenzake alitumwa tu atangulie kuionja dunia. Kwani wewe si wa hapa Ibadan?"

Hakuwa wa hapo. Kwao Nnewi, anayetangulia kutoka ndiye mkubwa, na hakuna anayebishana. Dozi mbili zimo ndani ya kitoto kisichojaza viganja, na hakuna bomba la kuzivuta zitoke. Kifua kilipanda, kikashuka, kikakawia kupanda. Uzoamaka akawa anakitekenya kitoto nyayo ili kivute pumzi huku akimpigia daktari simu, na nyuma ya kioo mama hakubandua macho.

"Nakuja mbio," alisema daktari, naye mzaliwa wa Ibadan. "Andaa hewa. Aliyezidishiwa ni yupi?"

"Ni mdo..." Uzoamaka akajirudi. "Ni mku..."

"Sema basi, dada! Mkubwa au mdogo?"